Tangawizi Isiyooza

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambayo siku hizi ni watu wawili na paka asiyejua panya anafananaje. Hujambo wewe? Shemeji hajambo, na lile goti lake bado linatabiri mvua kuliko redio? Na wanangu je, masomo yanakwenda? Mwambie yule mkubwa kwamba gauni lake limekwisha, nimelitia kwenye kifurushi hiki pamoja na barua, na likimbana kiunoni asinilaumu mimi, alaumu jiko lenu. Sisi huku tu wazima. Baba anakula. Tafadhali lishike neno hilo, Baba anakula, maana wiki mbili zilizopita nisingeweza kukuandikia hivyo, na sababu yake utaikuta huko mbele.

Barua yako nimeipata. Niliisoma mara ya kwanza nimekaa kwenye cherehani, mara ya pili nimesimama, na mara ya tatu nilikwenda kuisomea bafuni ili Baba asinione uso. Umeniambia unakuja mwisho wa mwezi na gari la Shemeji. Ukikuta mteremko ni mweupe, tangawizi mwitu imekwisha na nyumba ina mpango, Baba atabaki hapa na mimi. Ukikuta bado ni pori, utamchukua akakae kwenu, na shamba tutafute mtu wa kulikodi. Najua hukuandika kwa ubaya. Ulipokuja mara ya mwisho ulinikuta nafua mashuka ya Baba huku futi ya kupimia inaning'inia shingoni na mteja ananingoja barazani, ukanitazama kwa huruma ukidhani sikuoni. Lakini Dada, Baba ghorofa ya nne? Zile siku tatu alizokaa kwenu alifungua kila mlango, hata wa kabati, akiutafuta ule unaotokea nje kwenye udongo.

Basi nitakueleza yote kwa mpangilio, nisiruke hata moja, kwa sababu nikianza na la mwisho utaichana barua kabla hujalielewa.

Unakumbuka hii tangawizi mwitu ilikotoka? Usikasirike, nakutania tu, lakini ni wewe uliyeileta. Wakati ule ulikuwa unafua mashuka kwenye ile hoteli, ukaja likizo na kipande cha tunguu, lile shina lake la ardhini, kutoka bustani yao, umekifunga kwenye taulo lililoloa ambalo nalo halikurudi lilikotoka. Mama akakipanda nyuma ya bafu, akasema walau harufu nzuri itashindana na ile nyingine. Yakatoka maua ya manjano yenye nyuzi nyekundu, watu wakawa wanakuja kuinama na kunusa, na Mama akawa anagawa vipande kwa kila aliyeinama. Alipokuwa hai aliikata kila wiki, ikakaa kwa adabu. Alipotutoka hakuna aliyeikumbuka, na asiyeziba ufa unamjua atajenga nini. Ikatoka bafuni ikashuka mteremko wote mpaka mfereji wa chini. Sasa imenipita kimo. Chini yake haioti hata nyasi, na ukipita unahisi unakanyaga godoro, maana matunguu yameshikana ardhini hata jembe halina pa kuingilia.

Anayeumia zaidi ni Mama Pacha wa hapo chini. Matunguu yaliujaza mfereji, maji ya mvua yakakosa njia, yakaingia jikoni kwake. Unamjua Mama Pacha, akipaza sauti hata aliyeko sokoni anajua leo kaamka vibaya. Siku hiyo alipanda polepole na hakupaza sauti. Alisema hakuja kugombana, amekuja tu kunionyesha viatu vya shule vya wanawe vilivyolala ndani ya maji. Vilikuwa vinne, akaviweka barazani kwangu kimoja kimoja. Afadhali angenitukana. Mvua iliyofuata maji yakaingia tena, naye akaenda ofisi ya kilimo, na sina uso wa kumlaumu.

Ndipo akaja Bibi Shamba. Ni msichana mdogo kuliko mimi, ana mabuti ya mpira yanayomfika magotini na sauti ya mwalimu wa hesabu. Alishuka mteremko mpaka chini, akapanda tena na jani moja mkononi, akanipa karatasi yenye mhuri. Nimepewa miezi minne, mpaka Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu. Nisipousafisha watakuja na watu wenye mabomba ya dawa mgongoni, wapulizie kuanzia bafuni mpaka mferejini, na kwa msimu mzima pasipandwe kitu. Hapo hesabu miparachichi ya Baba na bustani ya Mama navyo vimekwenda. Akanifundisha kazi yenyewe: nikate maua kabla ya mbegu, maana ndege huzila na kwenda kuzipanda kwa watu, nikate mashina, kisha nifukue matunguu bila kuacha hata kipande cha ukubwa wa kidole, kwa kuwa kila jicho lililoko juu ya tunguu ni mmea mwingine. Nikishafukua nitie kwenye mifuko myeusi ya nailoni, niifunge, niiache juani mpaka vilivyomo viive na kuoza.

Nilifukua siku kumi na moja. Nguo za wateja zikalala, mikono ikatoka malengelenge, jembe likavunjika mpini mara mbili. Nikapata chungu ya matunguu inayonifika kifuani, na mifuko imekwisha. Sasa nikufurahishe kidogo. Unajua niliyapeleka wapi? Kwenye banda la mbegu. Niliyatandaza juu ya zile chanja za zamani za Baba, kivulini, penye hewa, nikayafunika magunia yenye unyevu kidogo, nikajiambia yatakufa yenyewe polepole huku nikitafuta mifuko. Dada, mimi na wewe tumezaliwa kwa mkulima wa tangawizi. Tumebeba mbegu kwenda kwenye banda lile tangu hatujui kufunga kamba za viatu. Kichwa kilikuwa kinawaza kuua, mikono ikafanya inachokijua. Baada ya wiki mbili nikafunua magunia nikakuta kila jicho limetoa chipukizi lenye ncha ya waridi, nene, lenye afya, kama mbegu ya Baba ya mwaka ule aliposhinda maonyesho ya kilimo.

Bibi Shamba alipoyaona machipukizi hayo aliweka chini ubao wake wa kuandikia. Akaniuliza kama nina mpango wa kulisha nchi nzima. Akauliza nani kanifundisha kuhifadhi hivyo, nikamwambia ni baba yangu, hakukuwa na mkulima wa tangawizi aliyemfikia upande huu wote. Akasema hilo linaonekana. Tulicheka wote wawili, halafu akaniamuru nikalete mifuko siku hiyo hiyo, nami nikaenda. Niliporudi na mifuko nilimkuta Baba ndani ya banda.

Kabla sijaendelea nikukumbushe hali aliyokuwa nayo, maana wewe ulimwona kwa siku chache tu. Tangu kiharusi, mwaka mzima, Baba aliniita Nesi. Hakusema sentensi ikakamilika. Alikaa barazani kwenye kiti chake akifungua na kufunga kifungo kimoja cha shati, mpaka nikamshonea kitambaa chenye vifungo kumi ili mikono ipate kazi. Watu walikuwa wakimsalimia anaitikia kwa kichwa, akitazama ukuta. Siku hiyo nadhani ni harufu iliyomvuta. Tangawizi hii ikivunjika inanukia karibu sana na ile ya kweli. Nilimkuta amesimama kwenye chanja, ameshika tunguu, analigeuza, anatafuta jicho kwa kidole gumba. Akaniuliza kwa nini nimefunika na magunia mabichi namna ile, nataka mbegu ishike ukungu? Akasema Nesi, kazi hii hujafundishwa. Nilishika mlango, Dada. Niliacha mifuko ikaanguka.

Asubuhi yake nilimkuta kwenye kipande cha juu, chini ya miparachichi, na kijembe chake kidogo. Alikuwa amepanda mistari mitatu iliyonyooka kuliko mshono wangu wowote, macho ya mbegu yakiangalia juu, udongo umelala juu yake mwepesi. Ilinipasa kumzuia. Nilijiambia nimwachie asubuhi hii tu, baadaye nitazifukua. Na kweli mchana alipolala nilizifukua zote. Kesho yake akapanda nyingine. Nikijaza mifuko anaifungua, nikifukua bondeni anaokota nyuma yangu, na banda likiwa tupu anakwenda mteremkoni kuchimba mwenyewe, mzee aliyekuwa hawezi kushuka ngazi mbili za baraza. Tukawa hivyo, yeye asubuhi anapanda, mimi mchana nafukua, kutwanga maji kwenye kinu. Na nikuambie ukweli, alikuwa ananishinda. Alikuwa na kasi kuliko mimi tangu zamani, na njaa ilikuwa imemrudia, anamaliza sahani na kuuliza kilichobaki. Alianza kunisimulia mvua za miaka ambayo sijazaliwa.

Wakati huo ndipo nilipokuandikia kwamba mteremko umebaki kidogo tu. Na barua iliyofuata nikasema umekwisha. Ulinijibu kwamba unajivunia mdogo wako. Haukuwa umekwisha. Ulikuwa umeongezeka. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi ndiyo hiyo nimefika mwisho wake, naomba unisamehe kwa barua zile mbili.

Najua utauliza swali ambalo mtu yeyote mwenye akili angeuliza: kwa nini nisimpe tangawizi ya kweli apande? Nilimpa. Nilinunua sokoni, nikaichagua vizuri, akaipanda. Lakini udongo wetu unaujua. Wewe ulikuwa mkubwa wakati wa mwaka wa kuoza, unaukumbuka kuliko mimi. Mimi nakumbuka tu majani yamegeuka manjano kwa wiki moja, mlima mzima, na Baba anavuta shina linatoka mkononi bila mzizi, linachuruzika maji yanayonuka. Aling'oa shamba zima peke yake, hakutaka hata Mama amsaidie. Kisha akaenda kuwa mlinzi wa lile ghala la saruji, miaka kumi na tisa, na neno tangawizi halikutajwa tena mezani. Ugonjwa ule haukuondoka. Bado umo ardhini. Ile ya sokoni ilianza kuoza wiki ya tatu, nikawahi kuing'oa Baba hajaiona. Nikajaribu kuipanda kwenye mifuko ya udongo mpya hapa barazani. Aliitazama, akaniuliza ni mtoto gani huyo mgonjwa niliyemlaza kwenye kitanda cha peke yake, akachukua kijembe chake akaondoka.

Alirudi kwenye tangawizi yake, hii isiyooza. Ndivyo anavyoiita. Alinieleza mara nyingi, na kila mara kwa furaha ileile, kwamba amepata mbegu iliyoushinda ugonjwa. Alisema ikishajaa mlima atawaita watoto wake wote warudi nyumbani, hakuna haja ya mtu kwenda kufulia watu mashuka wala kulinda saruji ya watu. Nilikuwa nakaa kwenye cherehani namsikiliza, nakanyaga tu, hata uzi haumo kwenye sindano.

Sasa nafika pale ambapo kalamu imekuwa nzito.

Siku arobaini zilizopita mvua ilinyesha, maji yakaingia kwa Mama Pacha mara ya tatu. Safari hii pacha mmoja alishikwa na homa baada ya kulala kwenye godoro lililolowa. Bibi Shamba akaja, akaona mistari mipya chini ya miparachichi, akaniuliza ni nini hiki. Nikamweleza yote, bila kuficha. Akasema yeye naye ana baba, lakini mmea haujui baba wa mtu. Akasema pengine ningetafuta namna mzee aendelee kupanda, lakini anachopanda kisiote. Hakusema namna gani. Namna yenyewe niliifikiria mwenyewe, na siwezi kumtupia mtu mwingine lawama.

Baba alipolala mchana nilichukua lile sufuria kubwa la kuchemshia mashuka. Nikaenda bandani nikatoa mbegu zake, zile alizozipanga mwenyewe kwa ukubwa, kubwa juu, ndogo chini. Nikazichemsha. Nilihesabu saa nzima kwa saa ya ukutani. Nyumba yote ikanukia vizuri, kama bafu la wakati wa Mama. Zilipopoa nikazifuta moja moja kwa kitambaa, nikazirudisha kwenye chanja kwa mpangilio wake, kubwa juu, ndogo chini. Alipoamka akazichukua akaenda kuzipanda, akiwa anaimba kwa pua.

Nilifanya hivyo kwa wiki tatu, kila alichovuna mimi nachemsha. Na mchana nikawa nafukua mteremko, na kwa mara ya kwanza hakuna aliyenirudisha nyuma. Nilianza kushinda, Dada. Bafuni pakawa peupe, kisha katikati, kisha mpaka karibu na mfereji. Mama Pacha alipanda akanisaidia siku mbili, akaleta na chai. Nilijiona mtu mwenye akili sana. Nilishaanza kukuandikia kichwani barua ya kukukaribisha.

Baba akawa anangoja. Unajua anavyojua siku za mbegu, hahitaji kalenda. Siku zilipotimia akaanza kwenda mistarini kabla ya chai. Anapiga goti, anakwangua udongo kwa kidole, anafunika, anarudi barazani. Akaenda hivyo siku nne. Siku ya tano nilimwona kutoka hapa barazani akifukua moja. Akaiangalia. Akafukua ya pili, akafukua mstari mzima, halafu ule mwingine. Mguu wangu ulikwama juu ya pedali. Alikuja akiwa amejaza viganja vyote viwili ule uji unaonuka, akauweka hapa mezani, juu ya sare ya mtoto wa watu niliyokuwa naipiga pindo, akaniambia Nesi, mkono wangu umekufa.

Halafu akasema jambo ambalo nimelibeba peke yangu mpaka leo. Alisema basi haukuwa udongo. Mwaka ule pia haukuwa udongo, ulikuwa mkono wake, ndiye aliyeua shamba, na aliusingizia ugonjwa mbele ya watu wote. Akaniomba nimwite Mama aje amwambie ukweli, maana amemdanganya miaka mingi na hataki kufa naye hajui. Mama, Dada. Nimwite Mama.

Alilala akageukia ukuta. Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu. Siku ya pili alikataa chai, akakataa supu, nikawa namnywesha maji kwa kijiko na nusu yanarudi shavuni. Daktari wa zahanati alikuja akampima kila kitu, akasema moyo wake uko sawa, akaniuliza kama mzee amefiwa. Siku ya tatu nilipiga magoti kando ya kitanda nikamwambia yote. Nikamwambia Baba ni mimi, nilizichemsha, mkono wako mzima, ni mimi niliyeziua kwenye sufuria la mashuka. Nilimwambia mara tatu, nikamwapia kwa kaburi la Mama. Alinisikiliza. Kisha akaninyooshea mkono akanipapasa kichwani, akasema mimi ni nesi mwema, wote wawe kama mimi, nisijisumbue kumfariji. Nilitamani anipige kofi.

Siku ya tano nilikwenda chini mferejini. Kulikuwa kumebaki shada moja tu, upande wa uzio wa Mama Pacha, nililoliacha liwe la mwisho. Nililifukua. Nikachagua matunguu yenye machipukizi yaliyoshafika urefu wa kidole, nikayapeleka chini ya miparachichi, nikayapanda kwenye mistari ya Baba kwa mikono yangu mwenyewe, macho juu, udongo mwepesi, kama alivyotufundisha. Nikamwagia maji. Mama Pacha alikuwa anaanika nguo, alinitazama tangu mwanzo mpaka mwisho. Aliingia ndani akafunga mlango.

Kesho yake nilimshika Baba mkono nikamtoa kitandani. Alikuja tu kwa sababu hakuwa na nguvu ya kukataa. Tulichukua muda mrefu kufika kuliko unavyoweza kufikiri. Alipoziona mbegu zimechipua alisimama, akanishika bega, akashuka chini mpaka akakaa kwenye udongo. Akagusa moja kwa ncha ya kidole, kisha nyingine, kisha nyingine, mstari mzima, bila kuruka. Halafu akaita. Hakuita Nesi. Aliita Kidomo. Aliita kwa sauti ile ya zamani ya kuniita kutoka shambani nilipokuwa nacheza badala ya kubeba mbegu, Kidomo, njoo uone, na mimi niko hapo hapo kando yake, ameshika bega langu. Mwaka mmoja na miezi miwili nilikuwa sijaitwa jina hilo na Baba. Aliniambia nikalete chai, aliniambia na mkate pia. Ndiyo maana nilikuandikia pale mwanzo kwamba Baba anakula.

Hivyo ndivyo ilivyo. Ilikuwa wiki iliyopita. Tangu siku hiyo hajakaa chini. Mfereji umesafishika, lakini mteremko niliousafisha mimi kwa miezi yote hiyo umekuwa shamba lake jipya. Ardhi imelainika, hakuna kinachomzuia. Mbegu anazitoa kwenye mifuko yangu myeusi, inayofunguka kwake kuliko kwangu, na kwa majirani wote waliopewa vipande na Mama. Hapa ninapoandika namwona mgongo. Amefika usawa wa bafu. Zimebaki siku tisa Ijumaa ifike. Bibi Shamba atakuja na watu wake na mabomba yao, na safari hii ana haki. Mama Pacha analaza masufuria yake juu ya meza kwa kuhofia maji, na ana haki. Wewe unakuja na gari, utakuta pori, na barua zangu zote mbili mkononi, na wewe una haki. Wenye haki mmekuwa wengi, mimi nimeshika tama. Wanasema mchelea mwana kulia hulia yeye. Sijasikia wanasemaje juu ya anayechelea baba.

Sikuandikii unipe moyo. Nimefukua, nimechemsha, nimesema uongo, nimesema kweli, na hakuna hata kimoja kilichofaa. Kama utamchukua sitasimama mlangoni. Ila ninakuomba ufike kabla ya Ijumaa, ukae naye mistarini asubuhi moja tu, uone, halafu uamue wewe, kwa sababu mimi sina tena kichwa cha kuamulia.

Nisalimie Shemeji na goti lake. Wabusu wanangu, na yule mkubwa aniandikie kama vifungo vya mgongoni vinafungika. Baba anawasalimu nyote, na safari hii si salamu ninayomtungia mimi, amenituma mwenyewe.

Amenituma na kitu kingine. Chini ya gauni utakuta tunguu limefungwa kwenye gazeti. Alilichagua jana kutoka kwenye chanja, alipitia zote, hili ndilo lenye macho matatu. Anasema ni la binti yake mkubwa, ulipande macho yakiangalia juu, na usilizamishe kwa maji maana wewe ulikuwa na mkono mzito wa kumwagilia. Nilikusudia kulichemsha kabla ya kulifunga. Nimeinjika maji mara mbili na mara mbili nimeyaepua. Lichemshe wewe, Dada, ukiweza.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo